Uzi kwa tuliozaliwa na mto Ruvuma katikati: kule Mtanzania, huku Mmawia, na usingizi hauji

Mjukuu wa Nang'olo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. (Mmawia ni jina la kumchokoza Mmakonde wa Msumbiji.) Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana. Nawalenga hasa watu wa Mtwara na Lindi wenye ndugu pande zote mbili za mto, ila yeyote aliyewahi kuhama akaacha nusu ya ukoo nyuma anakaribishwa.

Baba yangu alizaliwa Mueda, Msumbiji. Alivushwa akiwa mtoto wa mgongoni, baada ya yale mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala kudai haki zao. Mama ni wa Kitangari, Newala. Mimi nimezaliwa Mtwara mjini, shule nimesoma Mtwara, jandoni nimeingia huku huku. Nilipomaliza kidato cha nne nikavuka kwenda kwa shangazi, Pemba. Pemba ya Msumbiji, sio ya karafuu. Nikauza samaki wakavu na vitenge, nikaokota Kireno cha sokoni, nikaoa, watoto wakazaliwa. Miaka ile sikuwahi kujiuliza mimi ni nani. Nilikuwa na watu huku na watu kule, basi.

Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, ikavamiwa. Ikasemekana kati ya wavamizi wamo Watanzania, na kweli baadhi walikuwamo. Kuanzia hapo Kiswahili changu kikawa kesi. Ukipokea simu ndani ya chapa (zile daladala zao) shingo zinageuka. Mke wangu akaniambia simu za mama yako pokea ukiwa ndani. Ikafika hatua mama akipiga nikiwa sokoni namjibu kwa Kireno kwamba nitampigia baadaye, na mama hajui hata neno moja la Kireno. Alikuwa anakata simu kimya. Alidhani nimeoa nikawa Mreno.

Machi 2021 Palma, mji mwingine wa kule, ikashambuliwa, tukarudi Mtwara na watoto. Huku nako Kitaya ilikuwa imeshavamiwa Oktoba 2020, watu wameuawa, nyumba zimechomwa. Kwa hiyo mtu akisikia unatoka ng'ambo anakuangalia mara mbili. Siwalaumu. Lakini mke wangu, Kiswahili chake kina lafudhi, sasa hivi kwenye bajaji hafungui mdomo. Mtoto wangu mkubwa alimwita mwalimu wake "senhora", darasa zima likacheka, tangu siku hiyo hataki tena kuongea na mama yake kwa lugha waliyolelewa nayo. Na wazee wa mtaani, tena Wamakonde wenzangu, wakitaka kunichokoza wananiita Mmawia. Wanacheka, na mimi nacheka.

Sasa ninachotaka kuleta hapa ni mwili. Moyo unaanza kudunda mtu akiniuliza tu "kwani wewe kwenu wapi hasa?" Nalala saa nne, saa tisa niko macho, natunga majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nilikwenda hospitali nikidhani ni presha. Wakapima moyo, mashine ikasema mzima. Daktari, kijana tu, akaniuliza nani nyumbani anajua kwamba silali. Nikakosa jibu.

Halafu kuna suala la kitambulisho. Dirishani niliambiwa nilete uthibitisho wa kuzaliwa kwa babu mzaa baba. Babu alizaliwa porini enzi za Mreno, wakuu. Wenye ofisi wanafanya kazi yao, tuko mpakani, naelewa. Ila nilitoka pale miguu haina nguvu.

Nani mwingine yuko kwenye hali hii, na ametokaje? Wa kusema "muombe Mungu" nimeshawasikia na kuomba naomba.

Korosho Ghafi

Nafuatilia. Mke wangu naye ni wa Nangade, Msumbiji.

Mzalendo Kwanza

Mkuu pole, lakini ngoja nikwambie ukweli ambao wengine wataukwepa. Mjomba wangu alikuwa na nyumba Kitaya. Alikuwa nayo. Mpaka ni mpaka, na askari anayekuuliza kwenu wapi hakuchukii, anajaribu kutulinda sote. Tatizo lako unataka mguu mmoja huku na mwingine kule. Chagua moja. Ukisema mimi Mtanzania, yamekwisha, watoto waongee Kiswahili, mke ajifunze, utalala usingizi mnono.

Mmakua wa Masasi

Mtani, mimi nilidhani Wamakonde hamlali kwa sababu mnawinda panya. Kumbe kuna sababu nyingine.

Haya, utani pembeni. Mzalendo Kwanza, huo mpaka unaouapia Wajerumani na Wareno waliugawana mwaka 1886, hakuna Mmakonde wala Mmakua aliyeitwa kikaoni. Na haukutulia hapo. Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, Mjerumani aliinyakua 1894, ikawa nchi moja na Mtwara hii. Mreno akaichukua 1916 wakati wa vita, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukamwachia jumla. Mzee wa Kionga amebadilishiwa nchi mara mbili, shamba lake la minazi halijasogea hatua moja. Ungemwambia achague ipi?

Bi Msangamkuu

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia humu, mimi macho hayaoni vizuri.

Mleta uzi, wewe hukuikuta hiyo miaka, ngoja nikusimulie. Sisi tulipokuwa wasichana, mtu akisema natoka Msumbiji alikuwa anapewa kiti. Frelimo, chama chao cha ukombozi, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vikaanza 1964, na kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea hapo. Samora Machel amekaa Nachingwea. Wakimbizi walijaa Rutamba kule Lindi, wamelima, wamezaa. Vijana wetu walikuwa wanaimba nyimbo zao. Na kabla ya hapo Wamakonde wa ng'ambo walikuwa wanakuja kukata mkonge Lindi, hakuna aliyewaona ajabu, zaidi ya zile chale za usoni ambazo watoto walizishangaa. Nchi yao ilipopata uhuru Juni 1975 wengi walirudi. Baba yako alibaki, maana yake alikuta watu.

Kwa hiyo hilo jina wanalokuita, usicheke nalo. Ukicheka wanadhani umeridhika. Mwambie mtu: mimi nina jina.

Jingine. Kwa hali unayoieleza, zamani tungesema una shetani, tukakupigia ngoma. Sisemi uende, sisemi usiende. Nasema ngoma ile ilikuwa na faida moja, mtaa mzima ulikuwa unakuja kukukalia usiku kucha. Wewe unaumwa peke yako chumbani na simu.

Nesi wa Zamu

Bi mkubwa shikamoo, hapo mwisho umenimalizia nusu ya maneno.

Mleta uzi, nafanya kazi kitengo cha afya ya akili huku huku Kusini, sitataja wapi. Moyo kudunda wakati vipimo ni salama, usingizi kukatika alfajiri, kutunga majibu kabla ya swali, hiyo ni hofu iliyokaa mwilini muda mrefu, na mara nyingi sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, huja nyuma yake. Hujawa kichaa. Tunawaona wengi, ila wanakuja wakilalamikia kifua, mgongo, vidonda vya tumbo. Hakuna anayekuja akisema "naulizwa sana kwetu wapi".

Na ujue kwamba kuhama na maradhi ya akili ni jambo lililochunguzwa miaka mingi. Mwaka 1932 daktari wa Norway, Ødegaard, aliwalinganisha Wanorway waliohamia Minnesota, Marekani, na wale waliobaki kwao. Akakuta waliohama wanalazwa zaidi kwa skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie au kuamini yasiyokuwepo. Yeye alidhani huenda wanaohama ndio tayari walikuwa na udhaifu. Mwaka 2005 watafiti wakakusanya tafiti nyingi pamoja, wakakuta hatari ile iko juu hata kwa watoto waliozaliwa nchi ya ugenini, ambao wao hawakuhama kwenda popote. Sasa udhaifu wa msafiri unaingiaje hapo? Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba anayeishi katika mtaa wenye wenzake wengi hatari yake hupungua, na aliye peke yake kati ya wengine hupanda. Hiyo ndiyo picha ninayoiamini mimi: kinachoumiza zaidi ni kuonekana mgeni kila siku, safari yenyewe si kitu sana. Na tulia, skizofrenia ni ya watu wachache hata kati ya wahamiaji, sikutishi.

Mzalendo Kwanza, pole sana kwa mjomba. Kuhusu "chagua moja", yupo mwanasaikolojia wa Kanada anaitwa John Berry aliyelichambua hilo. Wapo wahamiaji wanaotupa cha kwao wakashika cha wenyeji, wapo wanaojifungia na cha kwao, wapo wanaoshika vyote, na wapo wanaokosa vyote viwili. Kwa kawaida wanaoshika vyote ndio wanaotulia zaidi, waliokosa vyote ndio wanaoumia zaidi. Ushauri wako unamsukuma mtu aache kimoja, na kwa kuwa hicho kingine nacho bado hajakubaliwa, anaishia mikono mitupu. Berry alisema pia jambo ambalo watu hulisahau: mgeni hawezi kushika vyote viwili kama mwenyeji hajamruhusu.

Cha kufanya: rudi hospitali, safari hii useme usingizi na mawazo, usiseme moyo. Kwa Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine, ulizia kitengo cha afya ya akili. Utaulizwa maswali ya wiki mbili zilizopita, kuhusu usingizi, chakula, hamu ya kazi, na utaulizwa kama umewahi kuwaza kujidhuru. Jibu ukweli, hiyo ya mwisho hasa. Wengi wanapona kwa mazungumzo tu, wengine wanapewa dawa kwa muda. Na mtoto asilazimishwe lugha yoyote, mama yake aendelee kumsemesha, atarudi tu.

Mjukuu wa Nang'olo

Nesi, nimesoma mara mbili. Asante. Hilo swali la mwisho nitalijibu huko huko hospitali.

Bi Msangamkuu, shikamoo bibi. Nimempigia mama jana, nikamweleza kwa nini nilikuwa namjibu Kireno miaka ile. Alikuwa hajui. Amelia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mzalendo, sina ugomvi na wewe. Ungekuwa jirani yangu ningekuja kwa mjomba wako na jembe kusaidia kujenga. Lakini niambie, nikichagua, yule shangazi aliyenilea nimweke wapi?

Mzalendo Kwanza

Sijabadili msimamo kuhusu ulinzi. Ila la shangazi sikuliwaza. Pole mkuu.

Karani Mstaafu

Nimekaa kwenye makaratasi miaka mingi, naona hapa mtu anaumwa kwa kukosa maelezo ambayo yangemchukua karani dakika chache kuyatoa.

Sheria yetu ya Uraia ni ya mwaka 1995. Aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja raia, awe baba au mama, ni raia wa kuzaliwa. Kijana, mama yako ni wa Kitangari! Unahangaika na babu wa Mueda kwa lipi? Peleka cheti cha mama, barua ya serikali ya kijiji chake, mashahidi wa ukoo wake. Njia yako inapita Newala.

Wanao waliozaliwa Msumbiji wanaurithi uraia kwako. Na kwa kuwa wana haki ya uraia wa kule pia, wakifika miaka 18 watatakiwa kuamua, maana kwa mtu mzima sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Mke wako anaweza kuomba tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kwa njia ya ndoa. Kwa mgeni asiye na ndoa masharti ni marefu: miezi 12 mfululizo ndani ya nchi kabla ya maombi, na katika miaka 10 kabla ya hiyo, angalau 7 awe ameishi hapa, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza.

Na wanaodhani serikali haiwezi, mwaka 2014 wakimbizi wa Kirundi zaidi ya 160,000, wa wimbi la waliokimbilia huku 1972, walipewa uraia wa Tanzania. Kenya nako, Wamakonde waliokwenda enzi za mkoloni kukata mkonge waliishi bila vitambulisho mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi. Leo wanahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Makaratasi hayaponyi kila kitu, lakini nimewaona watu wakinyooka mgongo siku wanayoyapokea.

Kijana wa Chuno

Karani, hapo kwa mama mzazi umenifungua na mimi. Miaka mitatu nazungushwa.

Mama wa Mikoko

Naomba na mimi niseme, sijawahi kusema popote.

Niko Lindi. Natoka Palma. Sisi watu wa pwani kwetu lugha ni Kimwani, iko karibu sana na Kiswahili, na swala ni moja, na nguo ni moja. Kwa hiyo mimi hakuna anayenijua. Majirani wanadhani natoka Kilwa. Mleta uzi analalamika kwamba anajulikana, mimi nalalamika sijulikani.

Kaka yangu alifia Palma Machi ile. Habari ilipofika nilikuwa nakaanga samaki nje, na majirani wapo. Wakaniuliza kulikoni. Nikasema kaka amezama na mtumbwi. Wakanipa pole ya mtumbwi. Wakanisomea dua ya mtu aliyezama. Kila mwaka mwezi ule ukifika wananiambia bahari mbaya sana dada, na mimi naitikia. Siwezi kuangalia bahari sasa, na bahari haikufanya kitu. Sili, nywele zinakatika. Mume ananiuliza, yeye anajua, lakini yeye aliniambia tangu mwanzo tusiseme.

Mmakua wa Masasi

Dada, sina utani hapa. Pole.

Nesi wa Zamu

Dada yangu, pole sana. Kwanza usiandike zaidi ya hapo humu, wala jina la mtaa wala jina la marehemu, uzi huu unasomwa na wengi. Nitakutumia ujumbe wa faragha.

Hauko peke yako hata kidogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, na jimbo lenu la Cabo Delgado peke yake lilishafikisha watu karibu milioni 1 waliohama makwao mwaka 2022. Wewe umebeba msiba ambao haujazikwa. Kutokula na nywele kukatika tunataka kukupima pia damu, huenda kuna upungufu. Mumeo aje naye. Kama usiku unawaza kwamba bora usingekuwepo, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali usiku huo huo.

Mjukuu wa Nang'olo

Dada, mke wangu anasoma hapa pembeni. Anasema anataka namba yako. Anasema mtaongea Kireno, Kimwani, chochote, na kama hutaki kuongea mtapigiana simu mkae kimya.

Bi Msangamkuu

Binti, hujasema amesomewa hitima. Nauliza alisomewa, yeye, kwa jina lake?

Mama wa Mikoko

Hapana bibi. Hakuna aliyejua la kusoma.

Bi Msangamkuu

Basi tutamsomea kwangu. Nawaita wanawake wenzangu, ni watu wazima, wamewaona wakimbizi kabla mama yako hajazaliwa, hawana maswali. Litasomwa jina lake, na itasemwa amefia Palma. Mumeo mwambie nimesema mimi, na akitaka kuja karibu. Mpe nesi namba yako, nesi anipe, tupange Ijumaa.

Mmakua wa Masasi

Bibi, mchele wa hitima uko juu yangu. Nielekeze kwa kupeleka.

Karani Mstaafu

Nazi nalipa mimi.

Mama wa Mikoko

Bibi, nimemwonyesha mume wangu. Amesoma mpaka mwisho, hakusema kitu, akatoka, amerudi anauliza basi la asubuhi la Mtwara linaondoka saa ngapi.

Korosho Ghafi

Shemeji, ya kwanza yanatoka mapema tu, awahi stendi baada ya swala ya alfajiri. Mkifika Mtwara chukueni bajaji mpaka kivukoni, mwambieni dereva kivuko cha Msangamkuu, asiwazungushe Mikindani. Na mke wangu anasema atawasubiri pale, atakuwa na mwavuli wa kijani.